Mchoro Si Cheti cha Daktari

Kwenye pembe ya juu, upande wa kushoto wa mchoro unaojulikana kuliko yote nchini Norway, pana sentensi ndogo ya penseli. Inadai kwamba kazi kama hii isingeweza kuchorwa ila na mwendawazimu. Mchoro wenyewe ni "Yowe" wa Edvard Munch, ule wa mwaka 1893 unaotunzwa katika Makumbusho ya Taifa mjini Oslo, na kwa zaidi ya miaka mia moja wengi walidhani maneno hayo yaliandikwa na mtazamaji mmoja mwenye hasira aliyekuwa na penseli mfukoni. Mwaka 2021 wataalamu wa makumbusho hayo waliyapiga picha kwa mionzi ya infraredi, wakalinganisha mwandiko na ule wa barua na shajara za Munch, wakatoa jibu: mkono ni wa Munch mwenyewe.

Nadharia ya wazimu ikapata chakula. Mgonjwa amekiri, tena kwa mwandiko wake! Lakini anayekijua kisa cha mwaka 1895 hawezi kuyasoma maneno yale hivyo. Mwaka huo Munch alionyesha kazi zake kwenye ukumbi wa Blomqvist mjini Kristiania, jina la zamani la Oslo, na wanafunzi wakaandaa mjadala kuzihusu. Akasimama mwanafunzi wa udaktari, Johan Scharffenberg, akahoji hadharani kama mchoraji huyu ana akili timamu, na kama sanaa yake basi si ya kigonjwa. Munch, ambaye dada yake Laura alikuwa akiugua maradhi ya akili na ambaye mwenyewe aliogopa maisha yake yote kuyarithi, hakuyasahau matamshi hayo hata uzeeni. Makumbusho yanaihusisha sentensi ya penseli na tukio hilo. Mtu aliyetukanwa aliyachukua matusi akayaandika juu ya kazi yake mwenyewe, kwa herufi ndogo mno hivi kwamba mtazamaji lazima asogee karibu ili azione. Hiyo ni kejeli, na kejeli haitungwi na mtu aliyerukwa na akili.

Hapa ndipo penye ugomvi. Mtazamo unaotawala kuhusu uekspreshonisti, ule mkondo wa uchoraji uliostawi Ujerumani na Austria takriban kati ya 1905 na 1920, na ambao Munch huhesabiwa kuwa mzazi wake, unasema hivi: mchoraji alikuwa na maumivu, maumivu yakamshinda, yakamwagika kwenye kanvasi. Mistari imepinda kwa sababu roho yake ilipinda. Rangi zinapiga kelele kwa sababu yeye alipiga kelele. Maana ya mchoro, kwa hiyo, imo ndani ya mchoraji, na kazi ya mtazamaji ni kubaini alikuwa akiumwa nini. Vitabu vya kiada husema hivyo, waongoza watalii husema hivyo, na vile vikaratasi vya maelezo kando ya fremu havikosi kutaja kifo cha mama, mapenzi yaliyovunjika au chupa ya pombe. Ni mtazamo wenye sura ya huruma. Kasoro yake ni kwamba haumlazimishi mtu kuutazama mchoro.

Autazame basi. Mwaka 1892 Munch alichora kazi aliyoiita "Kukata Tamaa". Njia ni ileile yenye kizuizi cha mbao, anga ni lilelile jekundu, na watu wawili wako nyuma vilevile, ila aliye mbele ni mwanamume aliyevaa kofia, ameegemea kizuizi, anatazama chini kwa upande. Picha nzuri, ya huzuni, na ya kawaida. Mwaka uliofuata mchoraji alimgeuza mtu huyo akatukabili, akamvua kofia, akamnyoa nywele, akamwondolea umri na jinsia, akampa viganja vya kushika mashavu. Kuna toleo la kalamu za rangi la 1893 ambapo mpangilio unajaribiwa. Nyuma ya kadibodi ya mchoro mkuu liko jaribio jingine lililoachwa njiani. Mwaka 1895 likafuata toleo la pasteli, lile lililouzwa mnadani New York mwaka 2012 kwa karibu dola milioni 120, na mwaka huohuo chapa ya jiwe nyeupe na nyeusi, iliyomwezesha Munch kuisambaza picha yake kwa wanunuzi na majarida. Takriban mwaka 1910 akaichora tena kwa rangi za tempera. Mtu hapigi yowe lilelile kwa mpangilio uleule kwa miaka kumi na saba. Anayefanya hivyo ni fundi anayejua amepata kitu, na anakirudia ili kukikamilisha na pengine kukiuza.

Kisha kuna suala la nani anayepiga yowe. Yule kiumbe wa mbele ameziba masikio. Kwenye baadhi ya nakala za chapa ya 1895 Munch aliandika kwa Kijerumani kwamba alihisi yowe kuu likipita katika maumbile. Sauti, kwa mujibu wake, inatoka nje. Kiumbe anaisikia, anajaribu kuizuia. Na ndiyo maana anga na ghuba vimepinda huku kizuizi cha njia kikikatisha picha kwa mistari iliyonyooka kama ya rula, na wale watu wawili nyuma wanatembea wima, hawasikii kitu. Kama mistari ilipinda kwa sababu roho ya mchoraji ilipinda, kizuizi kilinyooshwa na roho ya nani? Mvutano wa mstari mnyoofu na mstari uliopinda ndio mchoro wenyewe. Ulipangwa.

Badala ya kuliona hilo, wasomi na waandishi wa habari wamekuwa wakiwinda chanzo. Mwaka 2004 wanaastronomia wa Marekani walipendekeza kwamba anga jekundu lilitokana na majivu ya volkano ya Krakatoa iliyolipuka mwaka 1883. Wataalamu wa hali ya hewa wa Norway wakaja baadaye na mawingu adimu ya majira ya baridi yenye rangi za lulu. Mwanahistoria mmoja wa sanaa alimwona kiumbe yule kuwa maiti iliyokaushwa ya Peru iliyokuwa ikionyeshwa Paris. Wengine hutukumbusha kwamba kilima cha Ekeberg, penye njia ile, hakikuwa mbali na hospitali alikolazwa Laura. Huenda kila mmoja ana chembe ya ukweli. Lakini majivu ya volkano yaliangukia macho ya mamilioni ya watu, na dada wagonjwa hawakuwa haba Ulaya. "Yowe" ni moja.

Wachoraji waliomfuata Munch wanasingiziwa zaidi. Tarehe 7 Juni 1905, mjini Dresden, wanafunzi wanne wa usanifu majengo, Ernst Ludwig Kirchner, Erich Heckel, Karl Schmidt-Rottluff na Fritz Bleyl, waliunda kundi waliloliita Die Brücke, yaani Daraja. Mwaka uliofuata walitoa tamko fupi la kuwaita vijana wote wanaoeleza moja kwa moja, bila kughushi, kinachowasukuma kuumba. Watetezi wa nadharia ya mmwagiko hulinukuu tamko hilo kama ushahidi wao mkuu. Sawa, wasemaji walisema hivyo. Lakini tamko lenyewe lilichongwa ubaoni. Anayechonga herufi ubaoni ili zipigwe chapa huzichonga kinyumenyume, moja baada ya moja, na akikosea hakuna raba ya kufutia. Wito wa kueleza mambo papo kwa papo uliandikwa kwa njia ya polepole kuliko zote.

Kundi hilo lilikuwa na hesabu zake pia. Lilikuwa na wanachama wasaidizi ambao hawakuchora chochote: walilipa mwanzoni marki 12 kwa mwaka, baadaye 25, na kila mwaka wakapokea jalada la chapa za wachoraji. Ni mfumo wa uanachama ambao chama chochote cha ushirika kingeuelewa. Vijana hawa walijua soko, walijua namna ya kujenga jina, na walijua kwamba chapa moja ya mbao inazaa nakala nyingi ilhali kanvasi ni moja tu.

Hakuna aliyelijua hilo kumshinda Kirchner. Alizirudisha nyuma tarehe za baadhi ya michoro yake ili aonekane amewatangulia wenzake. Kuanzia mwaka 1920 akaanza kuandika makala za kuzichambua kazi zake mwenyewe kwa jina la Louis de Marsalle, mhakiki wa Kifaransa ambaye hakuwahi kuzaliwa. De Marsalle alimsifu Kirchner kwa ustadi, akamtofautisha na Wajerumani wengine, akafafanua jinsi michoro yake inavyopaswa kusomwa. Mwaka 1933 Kirchner, alipomchoka, akatangaza kifo cha mhakiki huyo. Huyu ndiye mtu tunayeambiwa alikuwa jeraha lililo wazi, asiye na ngozi kati yake na kanvasi! Mtu anayemtunga mhakiki wake na kumzika anaidhibiti sura yake mbele ya watu kwa mkono mgumu.

Na bado alikuwa mgonjwa kweli, jambo ambalo halina haja ya kufichwa. Mwaka 1915 alijiunga na jeshi kama dereva wa kikosi cha mizinga ili asipelekwe kwenye askari wa miguu, akafunzwa mjini Halle, akavunjika afya, akaruhusiwa kuondoka kabla ya kuona vita. Alikuwa akila dawa za usingizi na kunywa kupita kiasi. Mwaka huo akachora "Picha Yangu Nikiwa Askari", iliyoko sasa katika makumbusho ya chuo cha Oberlin, Ohio. Amevaa sare, namba 75 ya kikosi begani, sigara mdomoni, macho matupu bila mboni. Nyuma yake amesimama mwanamke aliye uchi, kielelezo cha kuchorwa. Mkono wa kulia wa askari umekatwa kifundoni, na kigutu kinavuja damu.

Kirchner hakukatwa mkono. Alirudi nyumbani na mikono miwili, na kwa mmojawapo ndio alichora hicho kigutu. Msomaji wa kitabibu husema: ona hofu yake, ona kuvunjika kwake. Lakini mchoro unasema jambo kubwa kuliko hofu ya mtu mmoja. Unaweka sare mbele na studio nyuma, na kati yake unaweka mkono ambao hauwezi tena kushika brashi. Unatoa hoja juu ya jeshi na kazi: taifa lililomvika mtu huyu nguo limemnyang'anya ujuzi. Ndiyo sababu Wanazi waliuchukia. Mwaka 1937 waliutundika kwenye maonyesho yao ya dhihaka, wakaubadili jina, wakamfanya yule kielelezo kuwa kahaba wa askari. Walielewa vizuri kwamba mchoro unalituhumu jeshi, wakajibu kwa kumchafua mchoraji.

Michoro yake ya mitaa ya Berlin, ya 1913 hadi 1915, inapewa tafsiri ya aina hiyohiyo: upweke wa Kirchner jijini. Upweke gani huo? Katika "Potsdamer Platz" ya 1914, kanvasi ndefu ya mita mbili, wanawake wawili wamesimama juu ya kisiwa cha duara katikati ya barabara, mmoja wao amejitanda mtandio mweusi wa mjane. Wanafanya biashara ya miili katika jiji ambalo polisi wake walikataza kujitangaza, kwa hiyo wamevaa kama mabibi wa heshima, na wanaume waliovaa suti nyeusi wanawazunguka kwa mwendo wa kupima bei. Kirchner alitembea mitaani na madaftari, akachora kwa sekunde chache kilichopita, kisha akaenda kuyapanga studioni. Hizi ni ripoti za jiji. Mwandishi wa habari anayerudi na daftari lililojaa haulizwi alilelewa vipi utotoni.

Kuhusu rangi, ubishi unaweza kuwa mfupi. Darasani hufundishwa kwamba buluu ni huzuni, nyekundu ni hasira, njano ni furaha, na ekspreshonisti hupaka kile anachokihisi siku hiyo. Mnamo Desemba 1910 Franz Marc alimwandikia rafiki yake August Macke barua akieleza mpango wake: buluu ni ya kiume, kali na ya kiroho; njano ni ya kike, laini na changamfu; nyekundu ni maada yenyewe, nzito, ambayo hizo mbili zinapaswa kupambana nayo. Mtu anaweza kuucheka mpango huo, hasa ile sehemu ya kiume na kike. Hawezi kusema haupo. Farasi wa buluu wa Marc hawana huzuni yoyote. Ni viumbe wa kiroho kwa mujibu wa kanuni iliyoandikwa kabla hawajachorwa.

Wassily Kandinsky, aliyeongoza pamoja na Marc kundi la Der Blaue Reiter mjini Munich kuanzia 1911, huonekana kuwa ushahidi mzito zaidi wa upande wa pili. "Komposisheni ya VII" ilichorwa kwa siku nne, kuanzia tarehe 25 hadi 28 Novemba 1913. Mita mbili kwa tatu, rangi zinazogongana kila upande, hakuna nyumba wala mti unaotambulika. Siku nne! Kama huo si mlipuko, mlipuko ni upi? Tatizo ni kwamba kabla ya siku hizo nne kulikuwa na michoro ya awali zaidi ya thelathini, ya penseli, ya rangi za maji, ya mafuta, ambamo kila kona ya kanvasi ilijaribiwa. Gabriele Münter, mchoraji mwenzake na mwenza wake wa maisha wakati huo, alipiga picha za kamera kazi ikiendelea, na picha hizo zinaonyesha jinsi ilivyokua kutoka kitovuni kwenda nje. Chini ya rangi wachambuzi wamefuatilia mabaki ya Gharika na Siku ya Mwisho, mada alizozichora waziwazi miaka michache nyuma na kuzificha hatua kwa hatua. Kandinsky, ambaye alisomea sheria na uchumi Moscow na kufika Munich akiwa na miaka thelathini, alizigawa kazi zake katika makundi matatu na kusema wazi kwamba zile za kundi la tatu, komposisheni, huundwa polepole na kupimwa kwa muda mrefu, karibu kwa ukaidi wa mwalimu wa hesabu.

Ipo michoro ambayo maisha ya mchoraji yako juu kabisa, na itakuwa ubishi wa bure kulikana. "Bibiharusi wa Upepo" wa Oskar Kokoschka, wa 1913 hadi 1914, ulioko Basel, ni yeye na Alma Mahler, mjane wa mtunzi wa muziki, wamelala ndani ya dhoruba. Alma amelala fofofo. Kokoschka yuko macho, vidole vyake vimesokotana. Kila mtu mjini Vienna alijua habari hiyo. Lakini hata hapa maisha ni malighafi. Wapenzi walioachana wako kila kona, na karibu wote hujichora vibaya.

Nadharia ya mmwagiko ina historia inayowagusa Waafrika moja kwa moja, na watetezi wake huipita haraka. Kirchner na wenzake walikwenda kwenye makumbusho ya ethnografia ya Dresden, wakatazama mihimili iliyochongwa ya Palau na vinyago vya Afrika, wakaondoka wakiamini wameona silika tupu: watu wanaochonga bila kufikiri, kama mtoto anavyolia. Palau ilikuwa koloni la Ujerumani tangu 1899. Mwezi mmoja baada ya Die Brücke kuanzishwa, Julai 1905, Wamatumbi wa Afrika Mashariki ya Kijerumani waling'oa pamba iliyolazimishwa mashambani na Vita vya Maji Maji vikaanza. Makadirio ya waliokufa, wengi kwa njaa iliyosababishwa na askari wa Kijerumani kuteketeza chakula, huanzia 75,000 hadi 300,000. Vitu vilivyotekwa katika vita hivyo vilipelekwa Berlin na vingine viko huko hadi leo. Vijana wa Dresden hawakuvipiga risasi vijiji vya Umatumbi. Ila kabati la kioo walilosimama mbele yake lilijazwa na dola hiyohiyo, na dola hiyo ilihitaji sana kuamini kwamba waliochonga vitu hivyo hawakuwa na mawazo.

Mchongaji wa Palau alikuwa na mabwana, kanuni na malipo. Wa Afrika vivyo hivyo. Nusu karne baadaye kosa hilo lilirudiwa Dar es Salaam: watalii waliovinunua vinyago vya shetani vya Wamakonde waliviona kama ndoto zilizomwagika kutoka kwenye nafsi isiyoguswa na ustaarabu, wakati mtindo huo ulianza miaka ya 1950 mikononi mwa Samaki Likankoa, mchongaji aliyekuwa akimuuzia kazi mfanyabiashara Mohamed Peera, na wote wawili walijua vyema mteja anataka nini. Kumwambia msanii kwamba kazi yake ni silika ni kumwambia hana hoja. Ulaya iliwaambia Waafrika hivyo, kisha ikawaambia wachoraji wake yenyewe.

Ukitaka kuona hoja ikitafuta umbo lake, tazama alichofanya mchoraji Käthe Kollwitz mwaka 1919. Kiongozi wa kikomunisti Karl Liebknecht aliuawa Berlin tarehe 15 Januari. Familia ilimwomba Kollwitz, ambaye hakuwa mkomunisti, aje kumchora marehemu chumba cha maiti, naye akaenda. Kilio cha familia kilikuwa mbele yake. Mwanawe Peter alikuwa ameuawa vitani Ubelgiji Oktoba 1914. Kama hisia zingetosha, picha ingekamilika siku hiyo. Alijaribu chapa ya bamba la metali, ikakataa. Akajaribu chapa ya jiwe, akaiacha. Mwaka 1920 aliona chapa za mbao za Ernst Barlach kwenye maonyesho, akagundua kwamba ubao, wenye weusi na weupe usio na kijivu cha kujifichia, ndio unaofaa, akaanza upya. Matokeo ni wafanyakazi walioinama juu ya maiti, mstari juu ya mstari, kwa mpangilio ulioazimwa kutoka michoro ya kanisani ya maombolezo ya Kristo, kwa ajili ya mtu asiyekuwa na kanisa. Huzuni ilikuwepo tangu mwanzo. Kilichokosekana kwa mwaka mzima ni umbo.

Mtetezi wa mtazamo unaotawala anaweza kusema kwamba hata kama amekosea, kosa lake halimdhuru mtu. Hili ndilo linalostahili jibu kali kuliko yote.

Usomaji wa kitabibu una ukoo. Mwaka 1892 daktari Max Nordau alichapisha kitabu cha kueleza kwamba sanaa mpya ni dalili ya kuharibika kwa mishipa ya fahamu. Nordau alikuwa Myahudi na baadaye kiongozi wa Uzayuni, na hakujua neno lake la upotofu lingeokotwa na nani. Mwaka 1928 msanifu majengo Paul Schultze-Naumburg alitoa kitabu kuhusu sanaa na asili za watu ambamo nyuso zilizochorwa na wachoraji wa kisasa ziliwekwa kando ya picha za watu wenye ulemavu na maradhi. Tarehe 18 Julai 1937, akifungua jumba la sanaa mjini Munich, Hitler alisema kwamba wanaoona malisho kuwa ya buluu na anga kuwa la kijani wana ugonjwa wa macho, na basi Wizara ya Mambo ya Ndani ichunguze kama ugonjwa huo unarithiwa. Au ni matapeli, na basi wapelekwe mahakamani. Kesho yake yakafunguliwa maonyesho ya "Sanaa Iliyopotoka": kazi takriban 650 zilizonyakuliwa kutoka makumbusho ya umma, watazamaji zaidi ya milioni mbili Munich peke yake. Kijitabu cha maonyesho kiliziweka kazi za waekspreshonisti kando ya kazi za wagonjwa wa akili na kumtaka msomaji aseme tofauti iko wapi.

Maneno kuhusu urithi wa maradhi hayakuwa ya mdomoni tu. Sheria ya kuwahasi watu wenye maradhi yaliyodaiwa kurithiwa ilikuwa imepitishwa tangu 1933. Mchoraji Elfriede Lohse-Wächtler wa Dresden alihasiwa mwaka 1935 akiwa mgonjwa wa hospitali ya Arnsdorf, na tarehe 31 Julai 1940 akauawa kwa gesi huko Pirna-Sonnenstein, mojawapo ya vituo vya kuwaua wagonjwa. Yeye alikuwa mgonjwa kwa vyeti. Kama nadharia ya mmwagiko ingekuwa kweli popote, ingekuwa kweli kwake. Mwaka 1929 alilazwa kwa muda Friedrichsberg, mjini Hamburg, na humo wodini akachora mfululizo wa vichwa vya wagonjwa wenzake: wanawake waliolala midomo wazi, wanaotazama ukuta, wanaokunja mashuka. Ni michoro ya uangalifu wa ajabu, kila pua ya mwenyewe, kila mkono wa mwenyewe. Mgonjwa aliyekuwa na kila sababu ya kujichora aliwachora wengine. Mtu anayeitazama kazi hiyo kutafuta dalili za Lohse-Wächtler anafanya, kwa upole, kile alichokifanya daktari wa Arnsdorf kwa kalamu.

Anayemhurumia mchoraji na anayemdhihaki wanakubaliana juu ya jambo la msingi: kwamba mchoro ni cheti cha daktari, wanachotofautiana ni kama mgonjwa akumbatiwe au afungiwe.

Mchoraji Emil Nolde anawaaibisha wote wawili. Alikuwa mwanachama wa Die Brücke kwa muda, 1906 hadi 1907. Kazi zake zaidi ya 1,000 zilinyang'anywa kutoka makumbusho ya Ujerumani, nyingi kuliko za msanii mwingine yeyote. Mwaka 1941 akapigwa marufuku kuifanya sanaa kuwa kazi yake. Baada ya vita akawa shahidi: mzee wa pwani ya kaskazini aliyechora kwa siri vijipicha vya rangi za maji, roho safi isiyotii. Riwaya ya Siegfried Lenz ya mwaka 1968, iliyosomwa na vizazi vya wanafunzi wa Ujerumani, ilijengwa juu ya sura hiyo. Ilikuwa hadithi tamu kwa nchi iliyohitaji mashujaa.

Nolde alikuwa amejiunga na chama cha Nazi mwaka 1934. Mwaka mmoja kabla, alimshtaki wizarani mchoraji mwenzake Max Pechstein kuwa ni Myahudi, na Pechstein hakuwa. Maonyesho ya mwaka 2019 kwenye makumbusho ya Hamburger Bahnhof, Berlin, yaliyatandaza haya yote kwa barua na nyaraka, na yakaonyesha kwamba hadithi ya vijipicha vya siri ilipambwa na Nolde mwenyewe. Kansela wa Ujerumani wakati huo, Angela Merkel, aliyekuwa na michoro miwili ya Nolde ofisini, hakuitaka tena. Ikapangwa kuwekwa ya Schmidt-Rottluff mahali pake, hadi zilipotajwa kauli za chuki dhidi ya Wayahudi alizoziandika Schmidt-Rottluff wakati wa Vita vya Kwanza. Mpango ukafutwa na ukuta ukabaki mweupe. Kansela alikuwa na sababu zake za kisiasa, na ofisi ya serikali si makumbusho. Lakini huko ndiko usomaji wa nafsi unakofika ukifuatwa hadi mwisho: nafsi chafu, toa mchoro, nafsi nyingine chafu, acha ukuta.

Maonyesho ya Hamburger Bahnhof yalichukua njia nyingine. Yaliitundika michoro ileile, barua zikiwa karibu, watu wakaachwa watazame. Na kwenye kanvasi kulikuwa na cha kutazama. Masimulizi ya Biblia, mada iliyompa Nolde jina kabla ya Vita vya Kwanza, yenye Waisraeli wa nyuso za manjano na midomo mipana, yanakaribia kutoweka baada ya 1934. Mahali pake wanaingia Mavikingi, mabaharia wa kaskazini, ngome juu ya milima, mioto ya kafara. Rangi ni zilezile, moto uleule, mkono uleule wenye kasi. Kilichobadilika ni nani amesimama ndani ya picha na nani ameondolewa, na hilo linaonekana kwa macho, bila kumpima mzee mapigo ya moyo.